Kimmel, Colbert na rungu la leseni Marekani

Habari zenu ndugu zangu, popote mnaponitazama: Mombasa, Dar, Goma, Bujumbura. Karibuni tena. Niko hapa Seattle, na leo sizunguki na kamera mjini. Nimeketi, kwa sababu kuna jambo linanikera na nataka tulizungumze taratibu.

Mnanitumia sana vipande vya video vya wachekeshaji wa Marekani. Stephen Colbert anamwiga Trump, Jimmy Kimmel anamchambua, na chini mnaniandikia: "Huko kweli kuna uhuru, rais anachekwa na hakuna anayekamatwa." Ni kweli, hakuna aliyekamatwa. Tena mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya hapa iliamua kwa sauti moja, majaji 8 kwa 0, katika kesi ya mhubiri Jerry Falwell na jarida la Hustler, kwamba mtu mashuhuri hawezi kudai fidia kwa sababu tu kejeli imemuumiza. Uamuzi huo bado unasimama. Ila ndugu zangu, mdomo unaweza kuzibwa hata kama polisi hawajabisha hodi kwa mtu.

Chukueni habari ya Colbert. Trump alikuwa ameishtaki CBS, televisheni iliyokuwa ikirusha kipindi cha Colbert, kuhusu mahojiano ya Kamala Harris katika kipindi cha 60 Minutes. Mwanzoni mwa Julai 2025, Paramount, wenye CBS, walikubali kulipa dola milioni 16 kesi iishe. Wakati huohuo Paramount walikuwa wakisubiri kibali cha serikali waungane na Skydance, kampuni ya filamu, biashara ya dola bilioni 8. Tarehe 14 Julai, Colbert akasema hewani kwamba malipo yale ni hongo nono. Tarehe 17, ikatangazwa kuwa kipindi chake kitafungwa Mei 2026. Tarehe 24, kibali kikatoka. CBS walisema ni suala la fedha tu, na siwezi kukataa kwamba vipindi vya usiku vimekuwa vikipoteza watazamaji na matangazo. Lakini mtu akiuliza kwa nini wiki ile, ana haki ya kuuliza.

Ya Kimmel ndiyo iliyonikosesha usingizi. Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina aliyemuunga mkono Trump, aliuawa kwa risasi tarehe 10 Septemba 2025 akiwa chuo kikuu huko Utah. Tarehe 15, Kimmel akasema kwamba wafuasi wa Trump wanahangaika kuonyesha kuwa muuaji si mmoja wao. Mimi binafsi naona hakupaswa kusema vile: mtu ameacha mke na watoto wadogo, na habari za muuaji zilikuwa bado hazijakaa sawa. Angekosolewa, na angestahili kukosolewa. Kilichofuata ni kitu kingine kabisa. Tarehe 17, Brendan Carr, mwenyekiti wa FCC, tume ya mawasiliano ya serikali inayotoa leseni za stesheni za televisheni, akasema kwenye podikasti kwamba jambo hili linaweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Saa chache baadaye kampuni ya Nexstar ikatangaza kuwa stesheni zake hazitamrusha Kimmel, Sinclair nao wakafuata, na ABC, televisheni yenye kipindi chake, ikamsimamisha bila kutaja siku ya kurudi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mkiwa nyumbani hamwezi kuliona hili. ABC yenyewe haifiki kwenye televisheni ya kila mji. Inafika kupitia stesheni ya hapo mjini, na nyingi ya stesheni hizo zina wenyewe. Hapa Seattle ABC ni chaneli ya 4, KOMO, mali ya Sinclair walioko Maryland, ng'ambo ya pili ya nchi. Kimmel aliporudi Jumanne ya tarehe 23 Septemba, nilifungua chaneli ya 4 saa tano na dakika 35 usiku. Nikakuta taarifa ya habari. Mtu wa Los Angeles alikuwa anamwona Kimmel akizungumza huku sauti ikimkatika, akisema hakukusudia kufanyia mzaha kifo cha kijana; mimi ilibidi nimsubiri mtandaoni. Nyumba 23 katika kila 100 nchini hazikumpata kwenye televisheni usiku ule.

Na Sinclair hawa si wageni kwa mambo hayo. Mwaka 2018 watangazaji wao wa miji mingi, wa KOMO wakiwemo, walisomeshwa maneno yaleyale, neno kwa neno, kuhusu habari za uongo. Mtu akaziunganisha video zile, nyuso tofauti na sauti moja. Jirani yangu mzee anamwamini mtangazaji wake kwa sababu ni mtu wa mji wake. Hajui kwamba karatasi imeandikwa Maryland.

Nexstar nao walikuwa na shida yao: Agosti walikuwa wametangaza kuinunua kampuni ya Tegna kwa dola bilioni 6.2, na kibali kilikuwa mkononi mwa FCC ileile. Mwenye haja ya kibali hahitaji kuamriwa. Anajua mwenyewe la kufanya.

Ndugu zangu wa Kenya, ninyi mnalijua hili kuliko Wamarekani. Januari 2018, NTV, KTN na Citizen zilizimwa kwa sababu ya kiapo cha Raila Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikakataza kurusha maandamano moja kwa moja, mitambo ya NTV, KTN na K24 ikazimwa, hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Kwenu swichi huzimwa wazi, kila mtu anaona. Huku inapitia kwenye vibali vya biashara.

Kimmel alirudishwa kwa nini? Watu walifuta usajili wao wa Disney+, huduma ya video ya Disney, wenye ABC, wasanii zaidi ya 400 wakatia saini barua, na hata Ted Cruz, seneta wa chama cha Trump, alisema wazi kwamba maneno ya Carr ni ya hatari. Nampongeza kwa hilo, ingawa kwa mengine hatukubaliani. Ijumaa ya tarehe 26 Sinclair na Nexstar wakalegeza, na KOMO ikamrusha.

Sasa, hiyo Tegna ndiyo iliyokuwa na KING 5 wakati ule, stesheni nyingine kubwa ya hapa kwetu, na ndiyo ninayoitegemea kwa habari za mji. Nitawaletea habari zake. Na ninyi niandikieni hapo chini: ile tarehe 25 Juni ulikuwa unatazama stesheni gani ilipokatika, na habari ulizifuata wapi?