Gari Likishafunguliwa: Ugomvi wa Bili za Gereji

Mazungumzo na wenye magari na mafundi, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu, kina mama, na nyie vijana wa spana, habari za jioni. Nafurahi kuona mafundi mmekuja, maana vikao vya namna hii huwa ni vya kuwasema wasiokuwepo.

Ninachokiamini nakisema mapema. Ugomvi mwingi wa gereji hauletwi na ukubwa wa bei. Unaletwa na yale masaa ambayo gari limeshafunguliwa, fundi ameona tatizo jipya, na mwenye gari hajaambiwa.

Chukulia Noah imechemsha njiani ikitoka Kasulu. Fundi anaona maji yanapungua, moshi mweupe unatoka, anasema gasketi ya silinda hedi, yaani kizibio kilicho kati ya injini na hedi, ule mfuniko wake wa juu, imeungua, lete laki mbili na nusu. Mnakubaliana. Hapo hajakudanganya, kwa sababu hajafungua. Hedi ikishuka, anaweka rula ya chuma juu yake na kukuta imepinda. Injini nyingi ndogo haziruhusu mpindo unaozidi milimita 0.05 hivi, na huo huwezi kuuona kwa macho. Akifunga gasketi mpya juu ya hedi ya namna hiyo, gari litachemsha tena na utarudi kumtukana. Kwa hiyo hedi inabidi iende kwa mtu wa mashine ikasawazishwe. Pengine na bolti zake zimevutika, zinatakiwa nyingine. Gharama hiyo ni halali kabisa. Alichokosea fundi ni kuendelea na kazi bila kukupigia.

Nasikia mtu anasema simu ya tajiri, yaani mwenye gari, haikupatikana. Basi gari lingesubiri! Hedi iliyopinda haiozi. Lakini na nyie wenye magari, ile kauli yenu ya "fundi, malizana nalo, nakuja jioni" inawaponza. Ukishasema hivyo umempa ruhusa ya kila kitu, halafu jioni unashangaa bili.

Ningependa tuzoee bei mbili. Ya kwanza ni ya kufungua na kukagua, nayo inalipwa hata kama mwenye gari ataamua kulipeleka kwingine. Ya pili ni ya kutengeneza, inatajwa baada ya kuona. Najua hatupendi kulipia kuangaliwa gari tu. Ila fundi asiyelipwa kwa kukagua ataitafuta hela yake mahali pengine.

Mahali penyewe mnapajua: cha juu kwenye spea, yaani hela anayoiongeza juu ya bei ya duka. Spea zetu nyingi zinatoka Dar, zinapanda basi, zinalipiwa mzigo, na mwenye gari hajui bei ya dukani ni ipi. Wewe umebana hela ya ufundi kutoka elfu themanini hadi thelathini, ukaondoka unajisifu kwamba unajua kupatana. Ile hamsini utakuta imekaa kwenye bei ya shokapu. Kwangu mimi, bora fundi alipwe ufundi wa maana waziwazi, na risiti ya duka iletwe, pamoja na kile kifaa kibovu kilichotolewa. Picha kwa WhatsApp nayo inasaidia sana, na ujumbe wa "sawa, endelea" unabaki kwenye simu zote mbili.

Sasa gari likishikiliwa. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mtu aliyefanya kazi ya ufundi kwenye mali aliyokabidhiwa kuishikilia mpaka alipwe ujira wake, kama hamkukubaliana vinginevyo. Mafundi, msishangilie bado. Kazi yenyewe lazima iwe ile uliyokabidhiwa gari kwa ajili yake. Umeletewa gasketi, ukabadilisha na shokapu kwa uamuzi wako, hizo shokapu hazikupi haki ya kufunga geti. Na kushikilia si kuuza, wala si kuchomoa betri. Mwenye gari naye, makubaliano ya mdomo ni mkataba pia. Usiseme hudaiwi kwa kuwa hakuna karatasi.

Wengi hukimbilia polisi. Bei iliyozidi, kama hakuna wizi wala utapeli, ni madai tu, na madai ya kiasi hiki yanasikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya kufika huko, jaribuni hivi: mwenye gari alipe palepale kile kilichokubaliwa, na gari litoke. Kinachobishaniwa kiandikwe kwenye daftari, kifaa kwa kifaa na bei yake, wote wawili watie saini kwamba hapo hawajaelewana. Fundi hapotezi haki ya kudai, na mwenye Noah anarudi barabarani kutafuta hiyo hela ambayo huenda ataambiwa alipe.

Haya, maswali. Tuanze na mafundi.