Hali, namna na kiasi: nani anatia sahihi kabla simu yako haijachunguzwa

Mhadhara uliotolewa Mwanga, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Ujiji, akina mama wa Kibirizi mliofunga meza mapema ili muwahi, vijana wetu: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo.

Naomba nianze kwa kusoma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na pia hifadhi ya maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Wengi huishia hapo. Ibara ndogo ya pili ndiyo yenye kazi: Mamlaka ya Nchi itaweka utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Hali ni lini. Namna ni kwa njia gani na kwa idhini ya nani. Kiasi ni mpaka wapi. Katiba yenyewe imekubali kwamba faragha itaingiliwa, kwa hiyo leo sitabishana kama serikali ichunguze au isichunguze. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipasuka nje ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, likaua watu 11. Nchi isiyo na macho haiwezi kulinda watu wake, na sisi tunaokaa kati ya Burundi na ziwa hatuhitaji kufundishwa hilo. Ninachouliza ni kama vipimo hivyo vitatu vimewekwa kweli, na nani anavisoma kabla kazi haijaanza.

Tuanze na kitu kilichomo mifukoni mwenu. Watu wengi wanapofikiria kuchunguzwa wanawaza mtu aliyevaa visikilizio anasikiliza maongezi. Hiyo ni kazi ya gharama na hutokea kwa wachache. Kinachochukuliwa mara nyingi ni kumbukumbu za mawasiliano, ile orodha ambayo kampuni ya simu huitunza kwa ajili ya kutoza pesa. Kwa kila simu inayopigwa inaandikwa namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa, muda wa maongezi, namba ya laini yenyewe ndani ya mtandao, namba ya kifaa yenye tarakimu 15 (bonyeza *#06# uione ya kwako), na upande wa mnara uliopokea. Mnara wa kawaida una pande tatu, kila upande ukifunika theluthi ya duara. Maneno mliyosema hayamo. Lakini orodha ya miezi mitatu inaonyesha unalala wapi, Ijumaa au Jumapili unakuwa wapi, ni daktari gani umempigia mara nne wiki moja, na ni nani unampigia usiku wa manane. Mtu anaweza kudanganya kwa maneno. Mwenendo wa miezi mitatu ni vigumu kuudanganya, ndiyo maana wapelelezi wanaupenda.

Sasa sikilizeni orodha hiyo inavyokosea, kwa sababu hapa Kigoma inakosea kwa namna yake.

Mjini mnara hufunika mita mia chache, vijijini kilomita kadhaa. Ziwani mambo ni mengine kabisa. Maji hayana nyumba wala kilima, mawimbi yanateleza tu, na mnara uliokaa juu ya mlima ufukweni unaweza kumpokea mvuvi aliye mbali sana na nchi kavu. Kwa teknolojia ya 2G, yaani mtandao wa zamani wa simu ndogo, mpaka wa kawaida ni kama kilomita 35. Mvuvi wa dagaa aliye kwenye taa zake saa nane usiku ataandikwa kwenye orodha kwamba alikuwa upande fulani wa mnara wa mjini. Ikiwa usiku huo duka limevunjwa Mwanga, karatasi itasema alikuwepo. Mtandao wenyewe hukadiria umbali wa simu kutoka mnarani, kwa hatua za takriban mita 550 kwenye 2G, lakini mara nyingi kadirio hilo halimo kwenye orodha inayofika mahakamani. Wakili au ndugu wa mshtakiwa asipojua kuliuliza, hakuna atakayelileta.

Kosa la pili ni la jina. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Ili usajili ulihitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20. Katika mkoa wa mpakani kijana huulizwa babu yake alizaliwa wapi kabla ya kuipata namba hiyo, na wengine wamezungushwa muda mrefu. Walifanyaje? Shangazi alisajili, kaka alisajili, jirani akasaidia. Kwa hiyo jina lililo kwenye orodha si la mtu anayeongea. Ongezeni na wakala asiye mwaminifu anayekwambia "kidole hakijasoma, weka tena", na kile kidole cha pili kikasajili laini ambayo hutaiona maisha yako yote. Laini ya namna hiyo ndiyo inayotuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku ukifuatiliwa, mlango unaogongwa ni wa kwako.

Halafu kuna kosa la hesabu, na hili naomba tulifanye pole pole maana ndilo hoja kubwa dhidi ya kuchunguza watu wote kwa pamoja. Mkoa wetu ulihesabiwa watu karibu milioni 2.5 katika sensa ya 2022. Chukueni laini milioni moja tu. Tuseme kati ya wenye laini hizo wahalifu hatari ni 100, na kuna programu nzuri sana inayowanasa 99 kati ya hao 100, na kwa watu wasio na hatia inakosea mara moja tu katika 100. Inaonekana ni chombo cha kununua leo. Lakini moja katika 100 ya watu wasio na hatia wapatao milioni moja ni watu 10,000. Polisi watapewa majina 10,000 na ushee, na katika kila watu 100 watakaobishiwa hodi, 99 hawajafanya lolote. Wapelelezi wanamaliza mwaka wakihoji wauza mawese huku mhalifu akivuka na mtumbwi. Marekani walilijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi ndani ya ujasusi wao, alifichua kwamba serikali ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za wananchi kwa jumla, na Januari 2014 bodi yao huru ya kusimamia faragha iliandika kwamba haikupata hata tukio moja la tishio kwa nchi ambapo mpango huo ulibadilisha matokeo ya upelelezi wa ugaidi. Bunge lao likausitisha kwa sheria ya 2015. Kuchagua mtu unayemshuku kwa sababu zinazoandikika, ukamfuatilia huyo, kunalinda nchi vizuri zaidi kuliko kukusanya kila mtu.

Turudi kwenye namna, yaani nani anatia sahihi.

Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inamruhusu polisi kuomba amri ya kunasa mawasiliano. Lakini angalieni njia anayopita. Kwanza apate kibali cha maandishi cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Akishakuwa nacho aende mahakamani, kwa maombi ya upande mmoja, maana huwezi kumwita mshukiwa umwambie unataka kumsikiliza. Mahakama ikiridhika inatoa amri. Macho mawili nje ya jeshi la polisi yameona karatasi kabla ya waya kuguswa. Nasema wazi kwamba huo ni utaratibu mzuri.

Sasa shikeni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32 kama kilivyotungwa. Taarifa zikihitajika kwa upelelezi wa jinai au mashtaka, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi inayolingana naye, anaweza kutoa amri kwa mtu yeyote aliye na taarifa hizo azitoe. Basi. Hakimu haulizwi kwanza. Kunasa maongezi na kutoa taarifa zilizohifadhiwa ni vitu viwili tofauti, nakubali, lakini nimekwisha kuwaonyesha orodha ya miezi mitatu inavyosema mengi. Matokeo yake ni kwamba anayeshukiwa kupanga ugaidi analindwa na mahakama kabla hajasikilizwa, na mwalimu aliyeandika neno kali mtandaoni analindwa na busara ya mkuu wa kituo peke yake. Mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa kuzuia upelelezi, mgogoro ukiwa ni kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Haya si mambo ya kubuni darasani.

Wapo wakuu wa vituo waadilifu, na wengi. Tatizo ni kwamba mtu anayetaka ushahidi ndiye huyo huyo anayeamua kama ushahidi unastahili kuchukuliwa. Mchezaji hapewi filimbi. Mahakama yetu ya Rufani ilishaweka kipimo mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun: sheria inayobana haki ya msingi lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane zaidi ya inavyohitajika kwa lengo lake halali. Mimi nikikiweka kifungu cha 32 juu ya mizani hiyo, upande wa kinga naona mtupu.

Kwa upande wa Idara ya Usalama wa Taifa, sheria yake ya 1996 ina sentensi ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji. Kifungu cha 5 kinasema si kazi ya Idara kumchunguza mtu au kundi la watu kwa sababu tu wameshiriki maandamano halali au wamepinga jambo linalohusu Katiba, sheria au Serikali. Wabunge wa mwaka ule waliiandika wakati vyama vingi vikiwa na miaka minne tu. Kinachokosekana ni jicho: mtu huru wa kufungua majalada na kuona kama sentensi hiyo inafuatwa, na njia ya mchunguzwaji kujua kwamba alichunguzwa.

Hapo Afrika Kusini wametutangulia. Mwandishi wa habari Sam Sole aligundua mwaka 2015, kupitia karatasi za kesi nyingine, kwamba maongezi yake na mwendesha mashtaka yalikuwa yamenaswa. Bila bahati hiyo asingejua hadi leo. Yeye na taasisi yake ya habari za uchunguzi, amaBhungane, walifungua kesi, na tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria yao ina mapungufu makubwa. Iliagiza kwamba wakati Bunge linarekebisha, mtu aliyechunguzwa ataarifiwe ndani ya siku 90 baada ya amri kuisha, isipokuwa jaji aahirishe kwa sababu ya hatari. Pia ikasema ombi linalomhusu wakili au mwandishi wa habari lazima limweleze jaji hivyo waziwazi, na kwamba kunasa mawasiliano kwa jumla bila sheria inayoruhusu ni batili. Taarifa baada ya uchunguzi ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote. Ofisa anayejua kwamba siku moja barua itamfikia aliyechunguzwa huandika sababu zake vizuri tangu mwanzo.

Dakika zilizobaki ni za vitendo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni yenyewe, si kwa wakala wa kijiweni, ifungwe, na utunze uthibitisho. Laini ya kaka yako ikiweza kuhamia kwenye jina lako, ihamishe. Kwa mwenye kitochi, jueni kwamba kwenye 2G mtandao huikagua laini lakini laini haiukagui mtandao, ndiyo maana mtu mwenye mnara wa bandia anaweza kukunasa. Baadhi ya simu za Android toleo la 12 kwenda juu zina sehemu ya kuzima 2G. SMS si siri: kampuni inaweza kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinazotunzwa na kudai zisahihishwe, na malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ina misamaha kwa usalama wa taifa, lakini wakala aliyesajili kidole chako mara mbili hawezi kujificha humo.

Mzee wa mstari wa mbele ameuliza: polisi wakija kuchukua simu, nifanyeje? Usishindane nao kwa mikono. Uliza kwa heshima jina na cheo, na kama kuna hati ya upekuzi, isome: imeandikwa nyumba ipi na kitu gani. Ita shahidi, balozi wa nyumba kumi au jirani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayechukua kitu atoe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye mali au ndugu yake, na ya mashahidi kama wapo. Kabla hujatia sahihi hakikisha imeandikwa aina ya simu, tarakimu zote 15 za kifaa, laini ngapi zimo ndani, kadi ya kumbukumbu ipo au haipo, na simu imewashwa au imezimwa. Stakabadhi inayosema "simu moja nyeusi" haimlindi mtu yeyote, hata huyo polisi mwenyewe, kwa sababu simu nyeusi Kigoma ziko nyingi na mahakamani mtabishana ni ipi.