Saa 48 hazianzii Mtwara: kujiandaa kuja kusoma udaktari China, kama ilivyokuwa mipaka ilipoanza kufunguka 2022

Hamjambo ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, na nyie wa Masasi, Newala, Nachingwea na Liwale mnaoangalia kwa bando la kuungaunga. Karibuni. Leo naongea na wadogo zangu mliomaliza PCB (fizikia, kemia, biolojia) na kupata barua ya udahili ya udaktari huku China, na wazazi wenu ambao ndio wenye kulipa. Maneno ya kutia moyo mtayapata kwingine. Hapa ni tarehe, karatasi na hela.

Hali ilivyokuwa mwaka 2022 ni hii, na masharti ya korona ninayoyataja (kipimo cha PCR, karantini, kuanza masomo mtandaoni) ni ya wakati huo, si ya leo. China ilifunga mpaka kwa wageni Machi 28, 2020, hata kwa wenye viza na vibali vya kuishi ambavyo havijaisha. Zaidi ya miaka miwili wanafunzi wakasomea kwenye simu. Tangu Agosti 24, 2022, mwenye kibali cha kuishi cha masomo ambacho hakijaisha akawa anaingia bila viza mpya, na maombi ya X1, viza ya masomo ya zaidi ya siku 180, yakaanza kupokelewa tena. Ila mpaka ni kitu kimoja na chuo ni kingine. Vilikuwepo vyuo ambavyo bado viliwataka wa mwaka wa kwanza waanze mtandaoni. Kabla hujakata tiketi, pata maandishi ya chuo yanayosema kinakupokea muhula huu, na tarehe ya mwisho ya kuripoti. Ujumbe wa sauti wa wakala si maandishi.

Sasa shika jambo moja: kila karatasi ina umri wake. Pasipoti ni miaka 10. Fomu ya afya ni miezi 6. PCR, kipimo cha korona, mwaka 2022 ilikuwa saa 48. Barua ikitoka tu, watu hukimbilia kupima afya kwa sababu hospitali iko jirani, halafu viza inachelewa, fomu inakufa, na wanalipa tena. Anza na visivyooza. Vinavyooza haraka viwe vya mwisho.

Kisichooza cha kwanza ni jina, na kwetu kusini jina ndilo linaloua safari nyingi kuliko viza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi, NIDA ina jina la babu, cha kidato cha sita hakina. Nyumbani wote tunajua ni mtu yule yule. Ubalozini hao ni watu wawili. Vitandaze vyeti vyote mezani, usome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ya herufi moja au mbili, kiapo cha wakili huwa kinatosha. Jina zima likiwa tofauti, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo inakula wiki kadhaa. Fanya hivyo kabla ya pasipoti, kwa sababu pasipoti ndiyo itakayonakiliwa kwenye kila kitu: barua ya udahili, JW202 (fomu ya kuombea viza ya masomo), viza, na wakati ule majibu ya PCR. Mwenye pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja aibadilishe sasa. Namba ikibadilika baada ya JW202 kutoka, chuo kinalazimika kuitoa upya. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, maombi unajaza mtandaoni na kupeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, ukiwa na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi mmoja. Hicho cha mzazi ndicho kinachowakwamisha wengi, maana wazee wetu wengi hawana. Mpeleke mzee RITA, wanaosajili vizazi, mapema.

Ukiwa na barua ya udahili, omba TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, cheti cha kutokuwa na pingamizi. Usikiruke hata kama wakala anakwambia China hawakiulizi. Ukirudi na shahada, utakayesimama mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika kuomba usajili na mwaka mmoja wa intanship ni wewe, wakala hatakuwepo. Vyeti vya NECTA na cha kuzaliwa vinapita mlolongo huu: nakala inathibitishwa, Wizara ya Mambo ya Nje inagonga muhuri, kisha ubalozi. Usitoboe wala kulaminisha cheti halisi. Kikishalaminishwa hakigongwi muhuri.

Fomu ya afya nayo. Inaitwa rekodi ya uchunguzi wa afya ya mgeni, na chuo ndicho kinachokutumia. Inataka picha ya X-ray ya kifua, ECG ya moyo, kundi la damu, kipimo cha VVU na cha kaswende. Kabla hujapanda gari piga simu hospitali ya Ligula, au Sokoine kwa walio Lindi, uhakikishe X-ray na ECG zote zinafanya kazi siku hiyo. Makosa ni yale yale: picha yako imebandikwa lakini muhuri wa hospitali haujapita juu ya picha na karatasi kwa pamoja, sehemu moja imeachwa wazi, au daktari kasaini bila tarehe. Kisanduku kimoja kikiwa kitupu, fomu ni batili. Filamu ya X-ray na majibu halisi ya maabara usiviache nyumbani. Ukifika huku utapelekwa kituo cha afya cha wageni kuhakikiwa, na usipokuwa navyo unapimwa upya kwa hela yako.

Wazazi, tuongee hela. Vyuo vinataka malipo ya awali kati ya Juni na Agosti. Korosho zinaingia mnadani Oktoba, na mkulima analipwa kupitia akaunti baada ya mnada, wengine mpaka Desemba. Pengo hilo ndilo linalowasukuma watu kuuza korosho kangomba, yaani kwa walanguzi kabla ya mnada, mwezi wa nane kwa bei ya kutupa. Usifanye hivyo kabla hujakiandikia chuo barua pepe kuomba kulipa kwa awamu mbili, ya kwanza ndogo ya kushikilia nafasi. Eleza kwamba kipato cha familia ni cha msimu, na utaje mwezi. Mwaka 2022, mwaka wa misukosuko, vyuo vingi vilikubali, ila hawatakupa kama hujaomba. Omba pia waandike nini kinarudishwa viza ikikataliwa.

Wakati wa kutuma, hela iende kwenye akaunti yenye jina la chuo. Ya mtu binafsi hapana, hata akiitwa mwalimu. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya nani anabeba makato. Chagua OUR, yaani mtumaji. Ukichagua nyingine, benki za katikati zinakata njiani, ada inafika pungufu, na mfumo wa chuo unasoma kuwa hujamaliza kulipa. JW202 inakaa kwa sababu ya upungufu mdogo ambao hakuna aliyekwambia.

Kwa walioanza mtandaoni mwaka 2022, ushauri ulikuwa huu: Beijing iko mbele yetu saa tano. Kipindi cha saa mbili asubuhi ya huku ni saa tisa usiku Mtwara. Cha saa nane mchana ni saa tatu asubuhi. Kabla ya muhula, uliza kama kuna kundi la mchana, na kama vipindi vinarekodiwa. Saa moja ya darasa la video inakula kati ya nusu GB na GB moja, kwa hiyo saa 20 kwa wiki ni GB 10 hadi 20, na bando la siku halitakufikisha. Laptop ichajiwe kila jioni, na uwe na simu yenye laini ya mtandao mwingine ya kusambaza intaneti umeme ukikatika. Programu zilizotumika zilikuwa DingTalk, Tencent Meeting na WeChat. Akaunti mpya ya WeChat inahitaji kuthibitishwa na mwenye akaunti ya siku nyingi, basi tafuta mtu mapema, usingoje usiku wa kipindi cha kwanza.

Na msidanganyane: biokemia unaweza kuisoma chumbani Mikindani, anatomia hapana. Mishipa ya kwapa haijifunzwi kwa kioo cha simu. Dai maandishi ya chuo yanayoonyesha maabara za muhula wa mtandaoni zitafidiwa lini na kwa saa ngapi. Karatasi hiyo itunze pamoja na vyeti.

Sasa safari yenyewe, kwa masharti ya PCR ya 2022. Mtwara hadi Dar ni kilomita zaidi ya 550. Ukichukuliwa sampuli Mtwara, ukapanda basi la alfajiri, likaharibika Nangurukuru, saa zako zinaisha ukiwa barabarani. Hesabu kinyumenyume kutoka kwenye ndege. Tuseme inaruka Alhamisi saa kumi na moja jioni. Saa 48 nyuma ni Jumanne saa kumi na moja jioni. Sampuli ya kabla ya hapo ni hela ya bure. Kwa hiyo uwe Dar Jumapili, upime Jumatano asubuhi kwenye kituo kilichoidhinishwa. Ubalozi ukitaka vipimo viwili vyenye tofauti ya saa 24, cha kwanza ni Jumanne jioni, cha pili Jumatano jioni, basi uliza kituo kama kinapokea sampuli jioni na majibu yanatoka lini. Soma tangazo la ubalozi la wiki ile ile, uone saa zinahesabiwa tangu sampuli kuchukuliwa au tangu majibu kutoka. Namba ya pasipoti kwenye majibu iangalie hapo hapo dirishani.

Pima pia wiki mbili au tatu kabla. PCR inaweza kuokota mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na ni bora ulijue hilo kabla ya tiketi isiyorudishwa. Tiketi iwe ya kubadilika tarehe, maana mwaka 2022 ndege zenyewe zilikuwa zinafungiwa: abiria 5 au zaidi wakikutwa na maambukizi China na wakawa asilimia 4 ya abiria, njia ilisimamishwa wiki moja. Wakifika asilimia 8, wiki mbili. Ndege ya watu 125, abiria 5 tu walitosha. Tenga hela ya PCR ya pili na ya kukaa Dar wiki moja, hata kama shangazi yuko Mbagala.

Ukitua wakati ule, karantini ilikuwa siku 7 hotelini na 3 za uangalizi, na ulikaa mji uliotua, si lazima uwe wa chuo chako. Hoteli na chakula ulilipia. Kadi zetu wakati ule mara nyingi zilikuwa hazikubali kwenye malipo ya simu ya huku, basi njoo na yuan taslimu, na umwombe mtu wa chuo awe tayari kukulipia.

Hapa naomba utulivu. Mtu aliyetoka kwetu akipata homa ndani ya karantini, wote waliwaza korona. Malaria ya falciparum huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 30 tangu kuumwa na mbu hadi homa, yaani iliweza kuanza mle mle ndani ya karantini. China ilitangazwa na WHO kuwa haina malaria Juni 30, 2021. Daktari kijana wa zamu anaweza asiwe amewahi kuona mgonjwa. Usimeze panadol kimya kimya ili kipimajoto kisikusemee. Sema mapema: natoka eneo la malaria, naomba kipimo cha damu. Neno hilo lihifadhi kwa Kichina kwenye simu kabla hujaondoka. Wiki zote mbili za mwisho lala ndani ya chandarua, na Dar pia. Beba dozi moja kamili ya dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, kwenye boksi lake na cheti cha daktari kwa Kiingereza, na uitumie baada ya kupimwa. Inamezwa vidonge vinne, vingine vinne baada ya muda wa saa nane, kisha vinne vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta. Kama ulitibiwa malaria karibuni, mtajie daktari tarehe, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Atazame damu kwa darubini.

Ukishafika usijipe likizo. X1 inakupa siku 30 tangu uingie kuomba kibali cha kuishi, na mwaka 2022 zile 10 za karantini zilikuwa humo. Zilibaki 20, na ndani yake kuna usajili wa chuo, uhakiki wa afya na kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 ukihamia makazi yasiyo hoteli. Polisi wakipokea maombi ya kibali wanabaki na pasipoti, na usindikaji unaweza kufika siku 15. Wanakupa risiti, lakini benki na maduka ya laini mara nyingi wanataka pasipoti yenyewe. Kwa hiyo laini ya simu na akaunti ya benki fungua kwanza, ndipo uende dirisha la vibali.