Miguu Ikilegea, Uliza Tumbo

Jamani hili nimeshalisema mpaka sauti inakauka na leo nalirudia: mgonjwa akija miguu inalegea, muulize tumbo. Wiki mbili tatu zilizopita ulikuwa unaharisha? Swali dogo tu hilo, ila ndo linalotukamatia Guillain-Barré, ugonjwa wa kupooza ambapo kinga ya mwili inazigeukia neva, yaani mishipa ya fahamu.

Kuna kijana wa bodaboda nilimpokea, ndala inamvuka mguuni na yeye hana habari mpaka mwenzake amwambie. Alikotoka walimchoma sindano za vitamini wakamrudisha nyumbani, na nyumbani wakasema karogwa. Siku ya tatu kusimama hawezi, ndo wakamleta kwangu kabebwa. Nikagonga goti na kile kinyundo, mguu kimya. Nikamwambia vuta pumzi moja, hesabu mpaka 20 usivute nyingine. Akaishia 9. Hapo sikusubiri vipimo, nikasema apelekwe penye mashine ya kupumulia sasa hivi, maana ugonjwa huu unapanda, unaanza nyayoni unafika kifuani. Mama yake namuuliza ndo anakumbuka, eeh, aliharisha damu kama siku kumi nyuma, alikula kuku wa kuchoma ndani bado mbichi.

Hiyo ndo Guillain-Barré, madaktari wanaijua tangu 1916! Mara nyingi inaanzia kwa bakteria anaitwa Kampilobakta, anakaa utumboni mwa kuku, na ganda lake lina sukari inayofanana na ya kwenye neva zetu. Sasa kinga ya mwili inatoka kumsaka yeye inaishia kuzichapa neva, kama sungusungu wameambiwa mwizi kavaa fulana nyekundu, wanamkuta mwenye nyumba naye kavaa nyekundu wanampiga yeye.

Mtasema mbona sote tunakula kuku na hatupoozi. Sawa, kati ya watu kama 1,000 wanaoambukizwa huyo Kampilobakta anapata Guillain-Barré mmoja hivi. Lakini hesabu wanaoharisha mtaani kwenu halafu urudi uniambie ni wachache. Pune kule India, 2025, wagonjwa wa Guillain-Barré walipita 200 na maji yakanyooshewa kidole.

Na msikimbilie steroidi, zile dawa za kutuliza kinga na uvimbe, hapa hazisaidii, wala antibayotiki haiondoi kupooza. Dawa ni imunoglobulini ya mshipani, yaani kingamwili kutoka damu ya wachangiaji, au kubadilishwa plazma, yale maji ya damu, na mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Muda umeisha, naona mwenyekiti ananitazama. Ila ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari kabla hujauosha na sabuni. Haya, nani ana swali?