Kezilahabi na Karatasi za Kwenye Kamba

Walimu wangu, waandishi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, hamjambo. Nimeombwa nimzungumzie mwandishi mmoja tu ambaye kazi zake zimenibadilisha. Nimemchagua Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, Tanzania, aliyekuja duniani mwaka 1944 na kutuacha Januari 2020.

Hapa Nairobi si mgeni. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao katika jiji hili. Kwao ilizua kelele hata ikazuiwa shuleni kwa muda. Miaka mitatu baadaye akaja na Kichomi, mashairi yasiyojali vina wala mizani, na washairi wa kimapokeo wakamjia juu. Haya wengi wenu mmeyasoma darasani, sitayarudia.

Nataka tutazame kilichotokea baada ya riwaya yake Gamba la Nyoka, mwaka 1979. Mpaka hapo, riwaya zake, hata ile chungu ya Kichwamaji, unaweza kumsimulia mwenzako ndani ya matatu kutoka Buruburu na ukamaliza kabla hamjashuka mjini. Halafu riwaya zikanyamaza miaka 11. Katika kimya hicho alisoma Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1985 akakamilisha tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ilipotoka Nagona mwaka 1990, kisha Mzingile mwaka uliofuata, ilikuwa kama kalamu imeshikwa na mtu mwingine. Ni vitabu vyembamba, hakuna kinachofika kurasa mia. Msafiri anatafuta jambo lisiloshikika. Wanafalsafa wa karne mbalimbali wanakutana na kuzungumza. Njozi inaingia ndani ya njozi bila kubisha hodi.

Mwanafunzi aliyezoea swali la "eleza msuko wa riwaya hii" anakwama hapo. Wahakiki huziita riwaya za majaribio. Sawa, lakini neno hilo halinitoshi, maana linamfanya mtu adhani mzee alikuwa akibahatisha. Mimi nikizisoma namsikia bibi akitamba ngano. Nani aliwahi kumkatiza bibi amuulize sungura alijifunza wapi kusema, au safari ya shujaa ilichukua siku ngapi? Kezilahabi aliona kwamba maswali aliyokuwa nayo, ya ukweli ni nini na kuwepo ni nini, hayaenei katika hadithi ya kijana aliyetoka kijijini. Akarudi kwenye chombo cha nyumbani, kile kinachomruhusu mtu kutembea mahali pasipo na ramani.

Nilipoisoma Nagona mara ya tatu nilifunga kamba ya nguo chumbani, ukuta hadi ukuta. Nikaandika matukio kwenye karatasi, nikayabana kwa vibanio vya nguo, nikajaribu kuyapanga kwa wakati, lipi lilitangulia na lipi likafuata. Wiki nzima nahamisha karatasi. Nikaja kugundua kwamba kinachozishikanisha ni picha zinazorudi: safari, ukimya, ngoma. Nilipopanga kwa picha, kamba ilitulia.

Sasa, wakati huo nilikuwa na maandishi yangu yaliyokataa kuwa hai, kuhusu moto wa soko la Gikomba ulioteketeza kibanda cha mjomba. Nilikuwa nimeanza na simu ya usiku, tukakimbia, tukakuta moshi, asubuhi ikafika. Kila kitu mahali pake na hakuna kinachouma. Nikayakata maandishi hayo vipande, nikayatundika kwenye kamba ileile.

Palikuwa na kipande kimoja nilichokichomeka katikati kama jambo dogo. Asubuhi ile mjomba alisimama kwenye majivu akapekua kwa ncha ya kiatu, akaokota kufuli. Lilikuwa jeusi, bado limefungwa, limeshika komeo la mlango usiokuwepo. Akatoa ufunguo mfukoni akajaribu kulifungua. Alijaribu kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu aliyefika kazini mapema.

Nilikihamisha kipande hicho mwanzo. Simu ya usiku nimeitoa, na moshi pia. Moto wenyewe sasa hautajwi popote, na mjomba anarudi mara tatu na ufunguo wake, kila mara mbele ya mlango mwingine.