Ushabiki wa Muziki na Swali la Matanga

Mhadhara uliotolewa Mtwara

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma mpaka madirishani, asalaam aleikum. Na kwa wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima zake, aliposikia kwamba nimeombwa kuzungumzia ushabiki wa muziki kama namna ya ibada, aliniuliza kama nimekosa la kusema. Kwake yeye ibada ni ibada na muziki ni muziki, na anayechanganya mambo hayo mawili anajitafutia laana. Sikumbishia, kwa kuwa hoja yake ina uzito na nitairudia kabla sijamaliza. Nilimwomba tu anieleze kwa nini sisi wenyewe, katika lugha tunayoamka nayo na kulala nayo, tumeshindwa kuyatenganisha.

Chukueni neno ngoma. Kijana akisema kwamba msanii fulani ametoa ngoma mpya, ana maana ya wimbo uliorekodiwa studio. Bibi yake akisema kuna ngoma Jumamosi, huenda ana maana ya unyago, na sote tunajua kwamba huku kwetu mwali hafundwi tu, bali huchezwa. Mganga naye akisema mgonjwa anahitaji ngoma, anazungumzia pepo. Mkesha ni wa kanisani, na mkesha ni wa disko vilevile. Na mzuka, ambao kwa wazee wetu ni kiumbe kinachokutokea njiani usiku, leo ndio hali ambayo msanii akipanda jukwaani huwauliza mashabiki kama wanayo. Sidhani kwamba maneno haya yalikutana kwa bahati mbaya.

Wamisionari walilitambua jambo hili mapema. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, aliona kwamba jando si mchezo wa kuzuiwa kwa amri ya mimbarini, kwa sababu ndani ya nyimbo zile na ngoma zile mtoto alikuwa akipewa utu wake. Badala ya kulifuta, alijaribu kuliingiza katika Ukristo, likabaki jando lakini lenye sala. Mtu anaweza kumsifu au kumlaumu kwa hilo, na wapo wanaomlaumu, lakini hakufanya kosa la kudhani kwamba watu wanaoimba pamoja usiku kucha wanajifurahisha tu.

Sasa niwapeleke Lindi, kwenye harusi moja niliyohudhuria, ambako kikundi cha taarabu kilikuwa kikitumbuiza uani. Palikuwa na mama mmoja muuza samaki, ambaye nilimfahamu kwa sababu tulikuwa tukinunua kitoweo kwake. Wimbo ulipofika mahali pake aliinuka, lakini hakumwendea mwimbaji moja kwa moja. Alivuta hatua kwa mdundo, noti ya shilingi elfu mbili ameibana kati ya vidole viwili na kuiinua juu ya kichwa, akazunguka mara moja, akasimama mbele ya mwimbaji na kumtunza bila kumtazama usoni. Kisha akarudi kwenye mkeka wake na kuketi kimya, kama mtu aliyetua mzigo. Shoga yake alimwuliza kwa nini anatoa fedha ya mtaji. Akajibu, "Wimbo ule ni wangu." Uso ule nimeuona mahali pengine pamoja tu, kwa mtu anayetoka kutumbukiza sadaka yake ya siri.

Wataalamu wamelieleza jambo hili kwa njia zao. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu chimbuko la maisha ya kidini, alisema kwamba watu wakikusanyika, wakaimba na kucheza pamoja, huzuka kati yao nguvu ambayo hakuna mmoja aliyekuja nayo kutoka nyumbani. Kisha, kwa kuwa hawajui imetoka wapi, huidhania kuwa imetoka katika kitu kilichosimama katikati yao. Mimi si mfuasi wake katika kila jambo, maana muumini hatakubali kwamba Mungu wake ni kelele za mkutano. Lakini kwa mashabiki maelezo yake yanatosha kabisa. Nendeni uwanja wa Nangwanda Sijaona siku ya tamasha, hasa msimu wa korosho wakati fedha zimo mifukoni, mtazame watu wanavyoanza kulia kabla msanii hajafungua kinywa. Kilichowaliza hakijatoka kwake, kimetoka kwao.

Na jambo hili halina nchi. Umm Kulthum wa Misri, binti wa imamu wa kijiji, alianza kwa kuimba nyimbo za dini pamoja na baba yake. Baadaye tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi, lililorushwa na redio, likawa miadi ya ulimwengu wote wa Kiarabu. Alipofariki Februari 1975, umati ulilinyakua jeneza mabegani mwa wachukuzi rasmi, ukalipitisha mitaani kwa saa kadhaa na kulipeleka msikiti wa Hussein. Huko Marekani, kila mwaka usiku wa Agosti 15, watu hupanda na mishumaa mpaka kwenye kaburi la mwimbaji Elvis Presley mjini Memphis, na San Francisco lipo kanisa linalomheshimu mpiga saksofoni John Coltrane kama mtakatifu. Ushabiki huo wa mwisho, kwa maoni yangu, umepitiliza.

Lakini turudi pwani yetu, maana hapa ndipo penye hoja ninayotaka kuiacha kwenu. Kabla ya redio, ushabiki mkubwa wa pwani hii ulikuwa wa ngoma ya beni, yaani ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kushuka mpaka Tanganyika. Watu waligawanyika kati ya vyama viwili, Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashindana kwa mapambo, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Kwa hiyo mnapomsikia Harmonize, mzaliwa wa mkoa huu, akijiita Jeshi, msidhani kwamba jambo hilo limeanza kwenye simu zenu. Tofauti ni kwamba vyama vya beni havikuishia uwanjani. Mwanachama akipata harusi walimchangia, na akifa walimzika.

Hapo ndipo penye hoja ya mzee jirani yangu. Kwetu sisi dini haipimwi kwa sauti ya mtu siku ya maulidi wala kwa idadi ya mikesha aliyokesha. Hupimwa siku mlango wake umefungwa na watu wamekaa barazani kimya. Nani atakayekuja kumwosha, nani atachimba kaburi, nani atakesha matangani? Ushabiki wa leo una sadaka, una hija, una nyimbo zinazojulikana kwa moyo, na una hata maadui wa imani, maana matusi ambayo mashabiki wa wasanii wawili hutupiana mtandaoni yangewaaibisha Marini na Arinoti wote. Una matanga?

Mwaka jana alifariki kijana mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa bodaboda. Siku ya mazishi walikuja vijana kama ishirini ambao hakuna aliyewafahamu, wengine kutoka Newala, wengine kutoka Masasi, ambao walikuwa naye katika kundi la mashabiki kwenye simu na wengi wao hawakuwahi kumwona. Walipokezana majembe na vijana wa mtaa mpaka kaburi likakamilika, kisha wakaja barazani kutoa rambirambi waliyochangishana. Daftari lilikuwa mikononi mwa mzee huyuhuyu jirani yangu. Aliwauliza waandikwe wapi, kwa ukoo gani, au ni jamaa wa msikiti gani. Wakatazamana. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, "Andika tu muziki, babu."

Mzee alikaa na kalamu hewani kwa muda. Kisha, chini ya mchango wa msikiti na juu ya mchango wa madereva wa bodaboda, akaandika neno hilo kwa herufi zake kubwa za kizamani, na mbele yake akaweka kiasi.