Tusimsubiri Mtoto Afike Miaka Miwili

Mhadhara kwa wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi, mkoani Tanga

Waheshimiwa wa meza kuu, ndugu zangu wauguzi, wahudumu wa afya wa vijiji na mitaa, baba zangu na mama zangu mliokuja na watoto: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, habari za asubuhi.

Kazi yangu ni fiziotherapia ya watoto, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na nimeombwa nizungumzie huduma za mapema kwa watoto wadogo wanaochelewa katika hatua za makuzi. Nina ombi moja. Nalisema sasa hivi, ili hata atakayelazimika kutoka kabla sijamaliza aondoke nalo: wengi wa watoto hawa tunawajua tangu wodini, basi tusiwasubiri wafike miaka miwili ndipo tuanze kuwasaidia.

Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa tunamjua, imeandikwa kwenye faili lake. Mtoto njiti tunamjua. Aliyepata manjano makali wiki ya kwanza tunamjua, na aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo au malaria kali yenye degedege tunamjua pia. Tunakesha naye, tunamwekea oksijeni, tunamweka chini ya taa, tunahangaika na mishipa midogo hiyo mpaka dawa iingie. Anapona. Familia inashangilia, na ina haki ya kushangilia. Baada ya hapo tunaonana naye kliniki: wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9, miezi 18. Anapimwa uzito, anachanjwa, mama anaandikiwa tarehe ya kurudi. Hakuna anayemuuliza huyu mama kama mtoto ameshika shingo, au kama anamtazama usoni anaponyonya.

Kisha analetwa kwangu akiwa na miaka miwili na nusu. Hajawahi kukaa. Miguu imekaza na kupishana, nyonga moja imeanza kutoka mahali pake, viganja vimefumbwa. Naomba kadi ya kliniki, naipitia: chanjo zote amepata. Mama hakukosa hata tarehe moja. Mara zote hizo mtoto alikuwa mikononi mwetu.

Najua jibu ambalo mama huyu alipewa kila alipothubutu kuuliza, nyumbani na wakati mwingine kliniki pia: "Atatembea tu, kila mtoto na wakati wake. Hata baba yake alichelewa." Tusimbeze bibi anayesema hivyo, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya njema katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, ambako baadhi yenu mna ndugu. Walikuta mtoto wa kawaida anaweza kuanza kutembea peke yake akiwa na miezi 8 tu, na mwingine akasubiri mpaka karibu miezi 18, na wote wawili wako sawa. Kukaa bila kushikiliwa kulianzia karibu miezi 4 hadi miezi 9 na kidogo. Tena, watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, wakapitiliza kwenda kusimama. Kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi 13 asiyetembea tumtulize moyo. Lakini miezi 10 imepita na mtoto hakai, hapo bibi hana tena hoja. Mtoto apimwe.

Njiti mhesabieni tofauti. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akiwa na miezi 6 kwenye kadi, mtazameni kama wa miezi 4. Endeleeni hivyo mpaka atimize miaka miwili.

Na yapo mambo yasiyongoja umri wowote. Mtoto aliyekuwa akisema maneno au akishika vitu, akaacha: leo hiyo hiyo aonwe na daktari. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka lakini anatumia mkono mmoja tu, mwingine ameufumba ubavuni. Watu husema huyu atakuwa wa mashoto, kumbe upande mmoja una udhaifu. Mtoto asiyegeuka kwa sauti. Na lipo moja naomba mlikariri, kwa sababu linapita likidhaniwa ni tumbo au mshtuko wa kawaida: mtoto wa miezi michache anayejikunja ghafla, mikono ikiruka, kisha analegea, kisha tena, mfululizo, hasa akiamka usingizini. Hicho ni kifafa cha watoto wachanga. Kila wiki inayopita bila dawa inaharibu ubongo. Mama akiwa na simu yenye kamera, mwambieni arekodi, daktari aone kwa macho yake.

Sasa, kwa nini mapema? Ubongo wa mtoto mdogo unajijenga kwa kutumiwa. Njia zinazotumika zinaimarika, zisizotumika zinanyauka. Ndiyo maana wataalamu wa masikio wanataka mtoto asiyesikia agundulike kabla ya miezi 3 na awe ameanza kusaidiwa kabla ya miezi 6. Asipopata lugha, ya mdomo au ya alama, miaka ile ya kwanza, pengo hilo ni gumu mno kuliziba baadaye. Manjano makali na uti wa mgongo vyote viwili vinaweza kuua usikivu. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa uti wa mgongo asitoke wodini bila tarehe ya kupimwa masikio. Na kwa kuwa nimetaja manjano: kumwanika mtoto jua la asubuhi si badala ya taa ya hospitali. Macho yakigeuka manjano siku ya kwanza, au rangi ikishuka mpaka nyayoni, ni kukimbia, si kuanika.

Mkitaka kuona kazi ndogo ya mapema inavyofika mbali, iko habari ya Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti walichukua watoto 129 wadumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Wengine walipewa nyongeza ya lishe. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili. Wengine walipata vyote, na wengine hawakupata nyongeza yoyote. Aliyewatembelea hakuwa daktari wala mwalimu wa chuo, alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, mtu kama ninyi mlioketi safu hizi za kati. Alikwenda na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani, akacheza na mtoto mbele ya mama, kisha akamwachia mama aendelee. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Lishe peke yake haikuacha alama hiyo. Watoto wale walikuwa wadumavu, hawakuwa na mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema ukashindwa kuongoza misuli vizuri, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeahidi mambo yaleyale kwa kila mtoto. Ninachokiokota ni nani alifanya kazi ile, na wapi.

Sitawadanganya wazazi. Mtindio wa ubongo hauponi. Ukisikia mahali panatangaza dawa au maombezi ya kuuondoa kwa malipo, shika pesa yako. Ila mtoto huyohuyo anaweza kukaa, kula bila kupaliwa, kuonyesha anachotaka na kwenda shule, au anaweza kulala chali chumbani mpaka viungo vikakauke. Tofauti ya maisha hayo mawili, mara nyingi sana, huamuliwa katika miaka yake ya mwanzo.

Na huduma haingoji jina la ugonjwa. Hili linawachelewesha wengi. Mama anayetoka Mtae, juu kabisa Lushoto, anaambiwa aende mjini apate vipimo kwanza. Nauli ya kwenda na kurudi, ya kulala, ya kula. Shamba limeachwa, watoto wengine wameachwa kwa jirani. Anakaa mwaka mzima akichanga nauli, na mwaka huo wote hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kumkalisha mwanawe. Vipimo ni muhimu, rufaa tuandike, kituo kama CCBRT, hospitali ya watu wenye ulemavu kule Dar es Salaam, kipo kwa ajili hiyo. Lakini mtoto asiyekaa anahitaji kukalishwa leo, ugonjwa uwe na jina au usiwe nalo.

Nianze na kulisha. Kwa watoto ninaowaona, hapa ndipo uhai unapopotelea, na ndipo mama anapoteseka kuliko popote. Mtoto mwenye mwili uliokaza hula polepole, saa nzima kwa kikombe cha uji. Mama amechoka, ana kazi nyingine, basi anamlaza mapajani, kichwa kikiangukia nyuma, anamiminia. Uji unaingia njia ya hewa. Mtoto anakohoa, macho yanatoa machozi, sauti inakuwa na majimaji. Wiki inayofuata ana homa ya mapafu, anatibiwa, anarudi nyumbani kulishwa vilevile. Mtoto anayerudi wodini na homa ya mapafu mara kwa mara, muulizeni mama anamlishaje, tena mwombeni awaonyeshe.

Akae wima. Nyonga zikunjwe, miguu iwe na pa kukanyaga, kichwa kiinamie mbele kidogo, kidevu kikielekea kifuani. Wewe unayelisha kaa mbele yake, usawa wa macho yake, usisimame juu yake, kwa sababu atanyanyua kichwa kukutazama na koo litafunguka. Uji uwe mzito wa kushikamana na kijiko. Weka kidogo, subiri ameze, umwone amemeza, ndipo uongeze. Akimaliza abaki wima kama nusu saa. Mama wa kitenge cha kijani, nimeuona mkono wako, nitakuja kwako.

Kukaa wima kunahitaji kiti, na kiti hakinunuliwi Ulaya. Fundi seremala wa kijijini anatengeneza kiti cha kona: mbao mbili zimekutana, mtoto anaegemea katikati, mabega yanakuja mbele. Zimbabwe walianza zamani kutengeneza viti vya watoto hawa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, na ufundi huo umeenea nchi nyingi. Kabla hata ya kiti kupatikana, kona ya chumba na kanga zilizokunjwa zinatosha kuanzia. Na mama anayembeba mtoto mwenye miguu inayopishana, ampakate kiunoni, miguu imepanuka huku na huku. Hilo ni zoezi, na analifanya akienda kisimani.

Ongeeni naye. Mtoto asiyejibu huachwa kuongeleshwa, kidogo kidogo, bila mtu kukusudia. Anaogeshwa kimya, analishwa kimya. Akiogeshwa atajiwe mkono, mguu, maji. Aonyeshwe vitu viwili, achague kwa macho, na apewe alichotazama.

Uganda wamejaribu mpango uitwao Baby Ubuntu, wa wazazi wa watoto wachanga wenye matatizo ya makuzi. Wazazi hukutana kwa vikundi, na mmoja wa wanaoongoza kikundi ni mzazi mwenye mtoto kama wao. Naupenda mpango huu kwa jambo hilo. Mimi naweza kumweleza mama namna ya kukunja nyonga. Siwezi kumweleza amjibu nini wifi yake anayesema mtoto huyu ni mkosi wa ukoo, au afanye nini usiku baba anapofunga begi. Mwenzake anaweza. Akina baba mliokuja leo, nawashukuru kwa dhati, na nawaomba mkawaambie wenzenu vijiweni: mtoto hakurogwa, na mama yake hakumkosea mtu. Alichelewa kupata hewa, au manjano yaliingia ubongoni, au alizaliwa kabla ya wakati.

Serikali yetu ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na inataja afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Mtoto anayechelewa yumo katika yote matano. Karatasi tunayo. Kilichobaki ni meza ya kliniki, siku ya foleni ndefu, muuguzi mmoja na akina mama 60.

Kwa hiyo siombi fomu ndefu. Naomba maswali matatu wakati mtoto yuko kwenye mizani: anafanya nini sasa ambacho mwezi uliopita hakufanya? Kuna alichokuwa akifanya akaacha? Wewe mama, kuna kinachokutia wasiwasi? La tatu msiliruke, maana mama huwa ameona zamani. Na naomba daftari moja, la kawaida la mistari, wodini. Kila mtoto anayeruhusiwa baada ya kuchelewa kulia, manjano makali, degedege, uti wa mgongo au unjiti, aandikwe jina, kijiji na namba ya simu ya nyumbani, nakala imfikie mhudumu wa kijiji chake. Asipoonekana baada ya chanjo ya miezi 9, na hapo ndipo wengi hupotea, mhudumu anajua mlango wa kugonga.

Daftari la mfano liko mezani, mistari imeshachorwa, mtalipitia wakati wa chai. Baada ya chai tutakaa kwenye mikeka na watoto hawa waliokuja, kila muuguzi amkalishe mmoja na kumlisha mimi nikimwangalia. Sasa maswali. Mama wa kitenge cha kijani, karibu.